Kilomita za Pwani, Kilomita za Bara: Kisa cha Magari Mawili Makuukuu Malindi

Usuli

Mnunuzi, ambaye humu tutamwita Bi. Z., anafanya biashara ya samaki mjini Malindi. Alianza kama mama karanga, akikaanga tafi na changu na kuwauza jioni mtaani. Baadaye akapanda, akawa ananunua kwa jumla Ngomeni na Mambrui na kusambazia mikahawa na kina mama wenzake. Kwa miaka mingi alikodi usafiri: tuktuk mzigo ukiwa mdogo, pikapu ya jirani mzigo ukizidi. Kaskazi ikianza kuvuma na vyombo vikitoka baharini vimejaa, pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa na kila mtu, na bei ya kuikodi ilipanda pamoja na samaki. Akaamua kununua gari lake mwenyewe.

Alikuwa na shilingi 450,000, akiba yake ikichanganywa na mgao wa chama. Mkopo hakuutaka. Gari alilolihitaji ni la kubeba makasha sita ya samaki na barafu, na dereva angekuwa mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye alishaendesha tuktuk mjini.

Nimeandika kisa hiki baada ya kuzungumza na Bi. Z., mpwa wake, fundi aliyekagua magari yote mawili na muuzaji wa gari lililonunuliwa. Majina na namba za usajili nimeziondoa, na vitu vichache vya pembeni nimevigeuza ili wahusika wasitambulikane. Bei na gharama ni walizonipa wenyewe.

Kabla ya kuyatazama magari ni lazima tuitazame njia, kwa sababu njia ndiyo iliyoamua mengi. Kutoka Malindi unavuka daraja la Sabaki, unapita Mambrui, unafika Gongoni, halafu unashika barabara ya vumbi kuelekea Ngomeni. Safari nzima ni kama kilomita 30. Tangu Gongoni kuendelea kaskazini hadi Marereni ni nchi ya mashamba ya chumvi, yale mabwawa mapana ambamo maji ya bahari huachwa yakauke juani. Mvua ikinyesha, tope la barabara za huko huwa na chumvi, na pepo za bahari huleta nyingine juu yake.

Magari yaliyokuwa mezani

Gari A lilikuwa Toyota Probox la gia za kujibadili zenyewe. Dashibodi ilisoma kilomita 168,000. Rangi nyeupe iling'aa, viti havikuchanika, kiyoyozi kilitoa baridi. Dalali alitaka 430,000.

Gari B lilikuwa Toyota Succeed la gia za mkono, kilomita 287,000. Rangi imefifia kwenye paa, bampa ya nyuma imefungwa kwa waya, kiyoyozi kimekufa. Mwenyewe, mtumishi wa umma aliyehamishiwa Pwani na aliyekuwa karibu kustaafu, alitaka 370,000.

Asiyeyajua magari haya anaweza kudhani ni chaguo kati ya aina mbili. Sivyo. Probox na Succeed ni ndugu wa tumbo moja, yalitoka pamoja mwaka 2002, na haya mawili yalikuwa na injini ileile, 1NZ-FE ya lita moja na nusu, inayotumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Spea za moja karibu zote zinaingia kwenye jingine, na hakuna gereji Malindi isiyozijua. Kwa hiyo swali la gari gani ni imara zaidi kiwandani halikuwapo. Lililobaki ni maisha ambayo kila gari liliishi.

Yaliyotokea

Bi. Z. aliliona A kwanza, akalipenda. Mpwa wake alilipenda zaidi.

"Mama, gari hili halijachoka," dalali akamwambia. "Tazama dashibodi mwenyewe, hiyo namba haijaguswa."

Hapo dalali alikuwa akisema kweli, na ndiyo sababu kisa hiki kinafaa kuchambuliwa. Visa vingi vya magari kuukuu huishia kwenye namba iliyorudishwa nyuma. Fundi aliikagua namba ya A kama anavyokagua zote. Mwenye gari alikuwa bado na cheti cha ukaguzi kilichotoka nalo Japani, kikionyesha kilomita 96,000. Chini ya boneti palikuwa na vikaratasi vya kubadilisha oili, vimepangika kwa tarehe na kwa namba bila kurukana. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika kiasi, na usukani haukuwa umeng'aa kwa mikono kama unavyong'aa kwenye gari lililozunguka sana. Namba ilikuwa safi. Gari lilikimbia kilomita 72,000 tu nchini Kenya.

Fundi akauliza zilikimbiwa wapi. Mwenyewe alikuwa mkandarasi mdogo, akipeleka vibarua na vifaa kwenye mashamba ya chumvi, karibu kila siku.

Dalali akasema kuna mtu anakuja na pesa jioni. Kwa madalali huyo mtu huwa yuko njiani siku zote. Bi. Z. alijibu kwamba akija apewe, na akaomba gari lipandishwe kwenye shimo la gereji kwanza. Gharama ya ukaguzi, shilingi 3,500 kwa kila gari, alilipa yeye.

Gari B lilikuja kwa njia ya shemeji wa mwanachama mwenzake. Muuzaji alikuwa na cheti chake pia: kilomita 139,000 kutoka Japani. Zilizobaki, 148,000, zilikuwa karibu zote za Bara, barabara kuu ya Nairobi na Nakuru, safari ndefu za wikendi. Malindi lilikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, na muda mwingi lilikaa uani.

Chini ya gari

Magari haya hayana chesi inayojitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu: sakafu, vizingiti vya milango na mihimili iliyokunjwa chini ya sakafu. Bati la hapo likiliwa, hakuna chuma kingine chini yake cha kushikilia ekseli ya nyuma.

Chini ya A palikuwa pamepakwa rangi nyeusi ya lami, mbichi, inayonukia bado. Rangi hiyo ikipakwa kwenye gari jipya ni kinga. Ikipakwa wiki moja kabla ya mauzo ni pazia. Fundi aliomba ruhusa kwa mwenyewe, akapewa, kisha akaanza kugonga taratibu kwa mpini wa bisibisi, kuanzia mbele kwenda nyuma. Kizingiti cha kushoto kililia vizuri mpaka karibu na mahali pa kuwekea jeki ya nyuma. Hapo sauti ikafa. Akageuza bisibisi, akasukuma ncha kwa mkono mmoja bila nguvu, ikaingia mpaka mpinini.

Dalali alinyamaza. Mwenye gari, kwa haki yake, alisema hakujua.

Baada ya hapo walitoa zulia la nyuma. Maungo ya sakafu, pale mabati mawili yanapokutana, yalikuwa na chembe nyeupe za chumvi na kutu iliyovimba kama maganda. Bomba dogo la chuma linalopeleka mafuta ya breki nyuma lilikuwa limevimba vilevile juu ya ekseli. Bomba hilo likipasuka, pedali inazama. Sumaku iliyofungwa kitambaa, ilipopitishwa juu ya matao ya magurudumu ya nyuma, ilidondoka mara mbili: chini ya rangi ile nyeupe palikuwa na pati ya kuzibia mashimo, si bati.

Kwa nini gari la kilomita chache lioze hivyo? Chumvi huvuta unyevu. Tope la kawaida likiingia kwenye maungo ya bodi hukauka na kubaki vumbi. Tope la chumvi halikauki sawasawa, maana kila usiku hewa ya Pwani inalirudishia maji. Kutu inaendelea kula gari likiwa limeegeshwa, injini imezima, na dashibodi haihesabu saa hizo.

B lilipopandishwa lilidondosha udongo mwekundu wa Bara. Ekzosti na ekseli zilikuwa na kutu ya juujuu, ya kufutika kwa brashi. Sakafu na vizingiti vililia kila mahali. Lakini juu ya sakafu, mambo hayakuwa mazuri. Nyuma ya injini palikuwa pamelowa oili. Shokabsoba zote nne zilivuja. Gurudumu la mbele kulia lilinguruma beringi. Klachi ilishikia juu kabisa ya pedali. Tairi mbili, kwa zile tarakimu nne za ubavuni zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, zilikuwa zimezeeka kuliko kashata, yaani meno ya tairi, zilivyoonyesha.

Muuzaji aliombwa asiwashe gari asubuhi ya ukaguzi, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha mengi. Lilipowashwa likiwa baridi lilitoa moshi wa buluu kwa sekunde chache, kisha ukakoma. Fundi akapima kompresheni. Silinda zote nne zilikaribiana. Akamwuliza muuzaji waziwazi kama gari linakula oili.

"Naongeza lita moja kati ya sevisi na sevisi," akajibu. "Sitaki kukuficha, fundi. Na wewe mama, usije ukanilaumu."

Uamuzi na sababu zake

Kwanza waliacha kulinganisha bei na bei. Fundi aliandika bei ya kila gari likiwa tayari kwenda Ngomeni kesho yake na kurudi salama.

Upande wa B: klachi 17,000, shokabsoba nne 16,000, tairi mbili 13,000, beringi 4,500, sili, gasketi, oili na kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) 9,500, na kazi ya mikono 12,000. Jumla 72,000. Muuzaji, baada ya kuonyeshwa orodha, alishuka hadi 345,000. Kwa hiyo B lingesimama kwa 417,000 na kubakiza 33,000 za bima na karatasi.

Upande wa A: bei ya mwisho 415,000. Mtu wa kuchomelea bodi alikadiria 55,000 pamoja na mabomba mapya ya breki, na kuongeza kwamba hawezi kuahidi mpaka akate aone kutu imefika wapi. Hiyo ni 470,000 ambayo huenda ikapanda. Bajeti ilikwisha kupitwa.

Hata hivyo nadhani tofauti ya 53,000 si sababu kubwa. Sababu kubwa ilisemwa na fundi: kila ubovu wa B unafunguliwa kwa spana. Hata injini ikifika mwisho wake, 1NZ iliyotumika kutoka Japani inapatikana Mombasa, na fundi mzoefu anaibadilisha kwa siku mbili. Ubovu wa A unakatwa na kuchomelewa, na ukishachomelewa bati jipya linaanza kuliwa kutoka kwenye ukingo wa lile la zamani, hasa gari likirudi kwenye njia ileile ya chumvi likibeba samaki wanaovuja maji ya chumvi ndani.

Mpwa hakufurahi.

"Shangazi, lile la kwanza lina baridi."

"Baridi ni ya samaki, mwanangu, si yako. Na samaki wana barafu yao."

Karatasi

Hapa pangeweza kuharibika. Rekodi ya umiliki waliyoiomba kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ilionyesha kwamba B liko kwa jina la muuzaji pamoja na taasisi iliyomkopesha alipolinunua. Mkopo ulikwisha kulipwa zamani, lakini hakuna aliyeenda kulitoa jina la mkopeshaji. Muuzaji mwenyewe alishangaa. Logibuku, hati ya umiliki wa gari, iliyokuwa kabatini hakuwa ameisoma tangu aipokee.

Walikwenda kwa wakili, wakaandikiana: Bi. Z. analipa 285,000 na kuchukua gari, 60,000 zinabaki mpaka barua ya mkopeshaji ipatikane na uhamisho ukamilike. Kwa mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, na mnunuzi anaukubali kwenye yake, kila mmoja akiwa na pini ya KRA, mamlaka ya mapato. Akiisha kulipwa zote, muuzaji aliyehama au mwenye shughuli nyingi hana haraka ya kuanzisha chochote. Zile 60,000 zilimpa haraka. Barua ilichukua wiki kadhaa, kisha uhamisho ukapita bila shida.

Bima walitaka kukata ya gari la kibinafsi kwa kuwa bei yake ni nafuu zaidi. Wakala akawazuia. Gari linalobeba samaki wa kuuza ni la biashara, na siku ya ajali kampuni ya bima ingeuliza makasha yalikuwa ya nini.

Matokeo

Gari lilianza kazi kaskazi ikiwa imeshika. Wiki ya tatu, likirudi na mzigo, lilitoa mvuke karibu na Gongoni. Redieta ilikuwa imetoboka. Chanzo chake kinafundisha: gari hilo lilikuwa limejazwa maji matupu kwa muda mrefu, na tangu lije Malindi lilijazwa maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za mji huu yana chumvi. Kutu ilikuwa imeila redieta na wakati huohuo kuziba matundu iliyoyatoboa. Fundi alipoosha mfumo na kutia kulanti, vizibo vikatoka.

Kijana alizima injini palepale, akapiga simu, hakujaribu kusogea hata mita mia. Hilo ndilo lililookoa gasketi ya kichwa na pengine injini nzima. Redieta nyingine iligharimu 11,000. Samaki walihamishiwa tuktuk mbili. Nusu ya barafu ilikuwa imekwisha, na mkahawa mmoja ulikataa kolekole wake.

Oili nayo ilizidi ile lita aliyosema muuzaji. Kwa mzigo na joto la huku, B linakula lita moja kwa kilomita 1,500 hivi. Sioni kwamba muuzaji alidanganya. Yeye alikuwa akitembea mtupu kwenye lami.

A lilinunuliwa na mfanyabiashara wa vitambaa, linazunguka mjini, na bado linatembea. Kwa hiyo asije mtu akasema matokeo yamethibitisha kwamba A lilikuwa gari baya. Kwa mtu wa mizigo mikavu na safari fupi, aliyetengeneza mabomba ya breki na kuchomelea kizingiti, huenda lilikuwa la kufaa, na kiyoyozi kinafanya kazi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni swali "zilikimbiwa wapi". Kilomita 148,000 za barabara kuu, injini ikiwa na joto lake na mwendo ukiwa mmoja, haziichoshi injini kama safari fupi za kuwasha na kuzima, na wala haziozeshi bati. Kilomita 72,000 za mashamba ya chumvi zilifanya kinyume chake: zikaiacha injini changa ndani ya bodi iliyozeeka. Mnunuzi wa Nairobi angeweza kuipa namba ya dashibodi uzito mkubwa zaidi na asikosee sana. Hapa, lazima uliulize bati kwanza.

Kuzuia sehemu ya malipo kulifanya kazi pia, na kulifaa pande zote mbili, kwa sababu muuzaji alijua hasa anadaiwa nini.

Kilichoshindwa ni orodha ya matengenezo. Ilijengwa juu ya vilivyopiga kelele na vilivyovuja. Redieta haikupiga kelele wala haikuvuja siku ya ukaguzi, lakini maji yenye rangi ya kutu ndani yake yalionekana, na fundi aliyaona, akaishia kuyabadilisha. Gari la namna hiyo linapaswa kupimwa redieta kwa shinikizo kabla ya kuoshwa, na mipira yake kubanwa kwa mkono. Ni kazi ya nusu saa. Lingine: waliacha shilingi 33,000 tu, na bima ya biashara ikala nyingi kati yake, hivyo redieta ikalipiwa kwa mtaji wa samaki. Naona wangekaza bei ya B zaidi kidogo, au waache tairi moja isubiri.

Jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wowote, nami naliona ndilo la werevu kuliko yote, lilitoka kwa mpwa. Alikwenda kwa fundi wa boti, akatengenezewa trei ya faiba inayokaa sakafuni mwa sehemu ya mizigo, yenye kingo za juu na tundu moja la mpira unaomwaga maji kwenye dumu. Maji ya barafu na samaki hayagusi bati tena. Jumamosi gari linaoshwa chini kwa maji ya bomba, yale yatokayo Baricho, si ya kisima. Kuna waliomshauri apake oili chafu chini kama wafanyavyo wengi. Inasaidia bati kwa muda, lakini inalainisha na kuharibu bushi za mpira, na fundi akamkataza.

Kuhusu injini, hesabu imekwisha kupigwa. Bi. Z. anaweka kando 2,000 kila wiki ya kaskazi, na fundi amepewa miadi ya Aprili, kusi likianza na samaki wakiwa haba, aing'oe atazame ringi za pistoni. Zikiwa zimeganda tu atazibadilisha. Silinda zikiwa zimelika, wataagiza injini nyingine Mombasa.